Watoto 58 na uwanja mdogo: jinsi ya kuendesha michezo ya viungo katika darasa la awali

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi iliyopo wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Nina watoto 58 wenye umri wa miaka 4 hadi 6, na ninawafundisha peke yangu, isipokuwa siku ambazo mama mmoja wa kujitolea huja kunisaidia. Uwanja wetu uko kati ya majengo mawili ya madarasa, una urefu wa mita 20 hivi na upana wa mita 12. Kila siku nina dakika 20 za michezo. Huwa nawapanga mistari minne na kuwashindanisha mbio za kupokezana kijiti, mbio za ndimu na kijiko, na mbio za magunia. Kila mara tunamaliza kwa kusukumana, kupigana na vilio, na wapo wawili ambao hawachezi kabisa, husimama ukutani tu. Mwalimu mkuu anaona kuwa ni kelele na upotevu wa muda, na baadhi ya wazazi wanasema watoto wameletwa kujifunza kusoma na kuandika. Je, watoto hawa hawana nidhamu, au nakosea mimi katika kuchagua michezo?

JIBU: Mwalimu, watoto wako hawana upungufu wa nidhamu. Kinachowaponza ni foleni. Tupige hesabu kwa takwimu ulizonipa wewe mwenyewe. Watoto 58 wakigawanywa katika mistari minne, kila mstari unapata watoto 14 au 15. Mtoto mmoja akihitaji sekunde 20 kukimbia hadi kwenye alama na kurudi, zamu itamrudia baada ya dakika 5 hivi, na katika kipindi cha dakika 20 atakuwa amekimbia mara nne tu, yaani sekunde 80. Dakika 18 na zaidi zinazobaki anazimaliza amesimama juani, mbele yake pana mgongo wa mwenzake na nyuma yake yupo mwingine anayempumulia kisogoni. Mtoto wa miaka 4 aliyewekwa katika hali hiyo atasukuma, kwa sababu ndani ya mstari hakuna mchezo mwingine uliobaki. Chunguza kwa siku moja tu mahali hasa ugomvi unapoanzia: ni nadra kuanzia kwa anayekimbia, huanzia katikati na mwishoni mwa mstari.

Niseme kando kidogo kuhusu mbio za ndimu na kijiko, kwa kuwa nazikuta karibu katika kila mahafali ya chekechea ninayoalikwa. Wanaozifurahia zaidi ni watazamaji. Mtoto mwenyewe hutembea amekakamaa, ndimu ikianguka anainama kuitafuta, watu wanacheka, na mara nyingi anamalizia kwa kuishika ndimu kwa kidole gumba ili aepuke aibu. Hilo ni zoezi la utulivu wa mkono, na mahali pake ni darasani, watoto watano watano, bila mshindi. Mbio za magunia nazo zinamtaka mtoto aruke kwa miguu yote miwili huku mikono yake imebana gunia, kwa hiyo akijikwaa hana mkono wa kujikingia uso. Kwa rika hili ningeziacha kabisa.

Foleni ina ndugu yake, nayo ni ile kanuni ya kwamba aliyekosea atoke. Katika michezo mingi ya kutolewa, wa kwanza kutoka ni yule mdogo, mnene, mgeni au asiyesikia vizuri, yaani yule hasa aliyehitaji mazoezi kuliko wenzake, ilhali anayebaki uwanjani hadi mwisho ni yule ambaye tayari anaweza. Aliyetolewa naye hakai kimya akisubiri. Baada ya dakika mbili ameshaingia katikati ya uwanja kuwavuruga wanaocheza, na mwalimu anamwona kuwa mtundu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo unaohusu watoto walio chini ya miaka 5, na kwa wale wa miaka 3 na 4 linapendekeza angalau dakika 180 za shughuli za mwili zilizosambaa katika siku nzima, na ndani yake dakika 60 ziwe za nguvu ya wastani hadi kubwa, yaani zile zinazomfanya mtoto ahemke. Kwa walio na miaka 5 na kuendelea, mwongozo wa mwaka 2020 unataja wastani wa dakika 60 za namna hiyo kwa siku. Namba hizo zisikutishe, kwa sababu mtoto anayetembea kwa miguu kuja shuleni, anayetumwa dukani na kucheza kombolela jioni na watoto wa jirani, amekwisha kujaza sehemu kubwa bila ya mtu kumpimia saa. Hata hivyo, dakika zako 20 zikipangwa vizuri zinaweza kumpatia kila mtoto dakika 14 au 15 za kusogea kweli badala ya sekunde 80, na hiyo ni robo ya zile 60.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mchezo wowote, ujiulize mambo mawili. Je, watoto wote wanasogea kwa wakati mmoja? Na je, anayekosea anaendelea kucheza? Mchezo usiotimiza hayo mawili usiutupe, bali uubadilishe hadi uyatimize, na nitakuonyesha namna ya kufanya hivyo kwa michezo ambayo wewe na watoto mnaijua tayari.

Anza, lakini, kwa kufundisha kusimama. Walimu wengi huanza na kukimbia, kisha wanashangaa kwamba watoto hawasimami. Mtoto wa miaka 4 anayekimbia kwa kasi huhitaji hatua kadhaa ili auzuie mwili wake, na hata akikusikia, miguu huendelea kumbeba. Tafuta ngoma ndogo, debe au kayamba. Ngoma inapolia, watoto watembee popote ndani ya uwanja. Inaponyamaza, kila mmoja agande mahali alipo. Faida ya kuufanya ukimya kuwa ishara ni kwamba hulazimiki kushindana na sauti za watoto 58, na wao wanajifunza kukusikiliza hata wakati wanapojishughulisha. Filimbi siipendelei kwa umri huu, kwa kuwa huzoeleka upesi na huwasumbua walio madarasani kuliko inavyowaongoza walio uwanjani. Siku ya kwanza watembee tu, siku ya pili waende haraka, siku ya tatu warukeruke, na kukimbia kuje mwishoni mwa wiki, pale ambapo karibu wote wanaganda ngoma inapokoma. Wiki hiyo moja usiione kuwa imepotea, kwa sababu vilio vingi vitakuwa vimekwisha humo.

Mchezo huu wa kwenda na kuganda una uzito kuliko unavyoonekana. Watafiti Megan McClelland na Shauna Tominey wa Chuo Kikuu cha Oregon State nchini Marekani walichapisha mwaka 2011 utafiti ambao ndani yake watoto wa chekechea walicheza michezo ya kuanza na kusimama kwa ishara, na baadaye ya kugeuza maana ya ishara hizo, na walionufaika kwa namna inayoonekana zaidi ni wale walioanza mwaka wakiwa na uwezo mdogo wa kujizuia. Hao, kwa lugha ya ofisi zetu za walimu, ndio watukutu. Nawe baada ya wiki tatu unaweza kugeuza: ngoma ikilia haraka waende polepole, ikilia polepole waende haraka. Utawaona wakubwa wakicheka wenyewe kwa kukosea, na wadogo wakiwatazama wakubwa ili wajue la kufanya, jambo ambalo halina ubaya wowote.

Sasa tuje kwenye duara, kwa sababu wengi watakushauri uwapange wote katika duara moja, nami nakusihi usifanye hivyo. Watoto 58 wakishikana mikono, ikiwa kila mmoja anachukua mita 1, wanafanya duara lenye kipenyo cha mita 18 na nusu hivi, ilhali uwanja wako una upana wa mita 12. Hata kama lingeenea, aliye upande wa pili asingekusikia. Fanya maduara mawili ya watoto 29. Kila moja litakuwa na kipenyo cha mita 9 na kidogo, na yote mawili yatakaa bega kwa bega katika urefu wa mita 20. Wewe simama pembeni, mkabala na pale yanapokaribia kugusana, uso ukielekea katikati ya uwanja, ili uyaone yote bila kugeuka. Mama wa kujitolea anapokuwepo, asimame ndani ya duara moja na kucheza pamoja na watoto. Mtu mzima anayezunguka nje na fimbo mkononi huwafanya watoto wamtazame yeye badala ya kutazamana.

Katika maduara hayo, ukuti ni mchezo unaokufaa kwa kuanzia, na huhitaji kufundishwa na mtu kuucheza. Watoto wote wanazunguka pamoja, wote wanatikisika, wote wanachuchumaa na kuinuka, na hakuna anayetolewa. Kinachouongoza ni wimbo, na hapo ndipo lilipo jambo ambalo waalimu tuliosomea vyuoni huwa tunalisahau: wimbo unaofahamika hupima muda, hutangaza kitakachofuata, na huweka mwendo mmoja kwa wote bila amri hata moja. Mtoto anajua kuchuchumaa kunakuja, anajiandaa, na anapochuchumaa kwa wakati ule ule na wenzake 28 anapata furaha ambayo mshindi wa mbio haipati. Huko Zanzibar, mpango wa Tucheze Tujifunze, ambao wengi wanaujua kwa jina la TuTu, ulitegemea jambo hilo hilo: sauti ya redio iliwaongoza watoto katika nyimbo na michezo, na mlezi aliyekuwa nao aliifuata. Rudia ukuti mara tano au sita, na kila mara ubadilishe mwendo. Mara ya kwanza watembee, ya pili waende kwa vidole vya miguu, ya tatu wazunguke upande wa pili, ya nne waende kwa kuruka kichura baada ya kuachiana mikono. Watakuwa wanahema kabla wimbo haujaisha.

Mchezo wa nyama, ule ambao kiongozi hutaja wanyama na watoto huruka wakiitikia pale anapotajwa mnyama anayeliwa, nao ni mzuri mno kwa kuwa unaunganisha sikio, fikra na miguu. Mabadiliko yanayohitajika ni mawili. La kwanza, aliyeruka kwa kosa asitoke. Acheke, atikise mwili, aendelee. La pili linahusu maudhui: katika darasa lenye watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, kutaja nguruwe au kasa huleta ubishi ambao utakula nusu ya kipindi, na nimeushuhudia ukifika hadi kwa wazazi. Badilisha swali liwe la viumbe wanaoruka angani au wanaoishi majini. Ukisema kunguru, wapige mbawa wakikimbia mahali walipo; ukisema pweza, watambae; ukisema jiwe, wagande. Kwa njia hiyo kila jina linaleta mwendo wake, na hakuna jina linalowaacha wamesimama kwa muda mrefu.

Paka na panya, na ule wa kudondosha kitambaa nyuma ya mtoto aliyeketi, ni michezo inayopendwa, lakini katika kila raundi wanasogea wawili na kukaa 56. Ukitaka kuuhifadhi wa paka na panya, weka panya kumi na paka watatu, na ubadilishe kila baada ya dakika moja. Rede nayo iache kwa watoto wa darasa la tatu na kuendelea. Mtoto wa miaka 5 bado hana shabaha ya kurusha wala wepesi wa kukwepa, na kupigwa mpira mbele ya wenzake kunamfanya auogope mpira kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Watoto wanapenda kukimbizana, na ukiwanyima watakimbizana bila idhini yako. Njia iliyonifaa kuliko zote kwa makundi makubwa ni mikia. Chana kanga kuukuu vipande vya urefu wa mkono wa mtoto, kila mmoja achomeke kimoja kiunoni kwa nyuma, nusu yake ining'inie. Ngoma ikilia, kila mtoto ajaribu kunyakua mikia ya wengine huku akiulinda wake. Wewe simama katikati ukiwa na fungu la mikia ya ziada, na aliyepoteza wake aje kwako achukue mwingine, kisha arudi mchezoni papo hapo. Hapa kila mtoto anakimbiza na kukimbizwa kwa wakati mmoja, mikono inagusa kitambaa badala ya mwili, na hakuna anayeweza kusema ameonewa kwa kuwa mkia mwingine upo. Kwa uwanja wako usiwaachie wote 58 kwa pamoja. Nusu wacheze mikia katika upande mmoja, na nusu nyingine wabaki katika duara lao na mama wa kujitolea, kisha baada ya dakika tatu wabadilishane. Siku ambazo uko peke yako, uache mchezo huu, ucheze mingine.

Kuhusu usalama, mstari wa mwisho wa mchezo wowote wa kukimbia usiwe ukuta. Mtoto anayekimbizwa hutazama nyuma, na ukuta humpata kabla hajageuka. Chora kwa majivu mstari ulio mita 2 kutoka kwenye kila jengo, na watoto wajue kwamba nje ya majivu ni nyumbani kwa kupumzikia. Kila asubuhi pita uokote mawe, vipande vya chupa na visoda. Kandambili zivuliwe, kwa kuwa miguu mitupu juu ya ardhi iliyofagiwa ni salama kuliko kandambili zinazoteleza. Wasichana wavae kaptula au taiti ndani ya sketi ili waweze kuruka na kuchuchumaa bila haya, na wanaovaa ushungi uwe ule wa kuvaa kichwani usiohitaji pini. Kwa hali ya hewa ya Muheza, kipindi hiki ukiombe kiwe kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, maji ya kunywa yawepo kabla na baada, na ikiwa watoto hupewa uji, wapumzike nusu saa kabla ya kuanza kuruka.

Umri wa miaka 4 na wa miaka 6 ni mbali sana, ingawa wote wameandikwa katika rejista moja. Wengi wa miaka 4 wanakimbia vizuri na kuruka kwa miguu yote miwili, lakini kuruka kwa mguu mmoja ndiyo kwanza wanaanza, na mpira mkubwa wanaudaka kwa kuukumbatia kifuani. Kufikia miaka 5 wengi wanaweza kuruka kwa mguu mmoja mara kadhaa, na karibu na miaka 6 wanaanza kuunganisha hatua na mruko kwa kupokezana miguu. Usiwatenge kwa umri, ila kila mwendo uupe njia mbili: sema waruke kama chura, na asiyeweza atembee kama chura. Mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba unafaa kuliko wa dukani, kwa sababu haudundi mbali na hauumizi usoni.

Kwa mipira hiyo upo mchezo mmoja ambao ningeuweka katika kila wiki. Watoto sita washike kingo za kanga, mpira uwekwe katikati, wautupe juu na kuudaka pamoja bila kuugusa kwa mkono. Kanga tisa au kumi zinatosha darasa lako lote. Mmoja akivuta kwa pupa mpira unaanguka, kwa hiyo wanalazimika kutazamana na kukubaliana, na baada ya siku chache utawasikia wakihesabu kwa sauti ili wainue kwa pamoja. Hakuna mahubiri ya ushirikiano yanayofikia hapo.

Umeniuliza pia, japo kwa sentensi moja, kuhusu wale wawili wanaosimama ukutani, nami nadhani hao ndio waliokutia wasiwasi zaidi. Mwaka 1932 mtafiti Mildred Parten wa Marekani alichapisha uchunguzi wake wa watoto wa chekechea, na miongoni mwa namna za kucheza alizozitaja imo ya mtoto anayetazama wengine bila kuingia, na ya mtoto anayecheza kando ya wenzake bila kucheza nao. Kutazama, basi, ni namna ya kushiriki, hasa kwa mtoto aliyehamia karibuni au ambaye nyumbani hakuna watoto wa rika lake. Usimvute kwa mkono, na usimtangaze mbele ya wenzake. Mpe kayamba asimame karibu nawe na kupiga, siku mbili tatu tu, asije akawa mpigaji wa kudumu. Kisha mpatie mwenzake mmoja mpole wa kushikana naye mkono katika ukuti. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo nyumbani anaimba nyimbo zote za mchezo ambao shuleni hajaucheza hata mara moja, na mama yake ndiye atakayekueleza. Ongea na wazazi. Ikiwa hata nyumbani hachezi, anaanguka mara kwa mara kuliko wenzake, anachoka upesi mno au midomo inabadilika rangi, hageuki anapoitwa, au ameacha kufanya jambo aliloweza mwanzo, hapo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri muhula uishe.

Kama unaye mtoto mwenye ualbino, mchezo uhamie kivulini, avae kofia pana na mikono mirefu, na mpira uwe wa rangi kali kwa kuwa macho yake pia huona kwa shida. Kwa asiyesikia, unaponyamazisha ngoma inua na kitambaa chekundu, na utaona kwamba wengi wanaosikia nao wanakifuata kitambaa. Asiyeweza kutembea aingie katika mchezo wa kanga, ambao unachezwa hata kwa kuketi, badala ya kupewa kazi ya kulinda viatu.

Mwalimu mkuu na wazazi wanahitaji hoja, na hoja unazo. Mtaala wa Elimu ya Awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 uliutambua mchezo kuwa njia ya kujifunzia katika ngazi hii, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inalihesabu suala la ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Kwa mzazi anayedai kuandika, mweleze kwamba mkono hautulii juu ya karatasi ikiwa bega na kiwiliwili havijapata nguvu za kuushikilia. Kutambaa, kujiinua, kuvuta na kurusha ni sehemu ya safari ya kuishika penseli. Na mwalimu mkuu anapolalamikia kelele, usibishane naye kwa maneno. Chagua watoto watatu wa kawaida, na mama wa kujitolea awatazame kila dakika inapotimia, aweke alama kama mtoto anasogea au anasubiri. Fanya hivyo siku moja kwa mbio za kijiti na siku nyingine kwa ukuti na mikia, kisha mpelekee karatasi zote mbili. Kiongozi wa shule anazoea kusoma takwimu, naye ataona mwenyewe. Katika mazungumzo hayo hayo mkumbushe kwamba uwiano unaotajwa kwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na kwamba wewe unabeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Ombi la mzazi wa kujitolea wa kila siku litakuwa limepata msingi.

Kipindi chenyewe kinaweza kwenda hivi: dakika 2 za kutoka na kuganda kwa ngoma, dakika 5 za ukuti, dakika 6 za mikia kwa zamu au za viumbe wa angani na majini, dakika 4 za kanga na mpira, na dakika 3 za mwisho watoto walale kivulini, waweke kiganja kifuani, wasikilize moyo unavyopunguza mbio. Usiziruke dakika hizo tatu hata siku ukichelewa, kwa sababu ndizo zinazowarudisha darasani wakiwa tayari kukaa, na mwalimu wa darasa la jirani atazisifu kuliko nyingine zote. Usibadilishe michezo kila siku ukidhani watachoka. Michezo minne kwa mwezi mzima inatosha, maana mtoto wa umri huu huufurahia zaidi mchezo anaoujua.

Ikiwa bado mbio za kijiti zitatakiwa siku ya mahafali, zikimbiwe na wale wa miaka 6 pekee, katika timu nne za watoto wanne wanne, kwa umbali wa mita 10 kwenda na kurudi, ili anayesubiri zaidi asubiri dakika moja tu. Wengine 42 wawe katika maduara yao wakiimba. Timu ihesabiwe kuwa imemaliza pale wanne wote wanapokuwa wameketi chini, na kijiti kiwe cha kitambaa kilichosokotwa na kushonwa, kwa sababu cha mti huishia jichoni mwa anayepokea.